Mdako wa Wagonjwa wa Kifua

Mwaka 1955, kipupwe kilipoingia na nyasi za Ilomba zikawa zinaamka na umande ulioganda mweupe, nilikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minne. Umri huo nina hakika nao, kwa kuwa umeandikwa katika cheti changu cha ubatizo, na cheti hicho nilijifunza kukisoma mwenyewe mwaka 1950, katika darasa la watu wazima, nikiwa nimebanana dawati moja na wanawake wenye wajukuu. Tangu siku nilipoweza kuandika tarehe sijaacha kuziandika. Msomaji asishangae basi nikimtajia siku na mwezi. Daftari ninalo hapa mezani.

Naandika kwa ajili ya yule ambaye leo ameketi kwenye benchi la hospitali, kikopo cha makohozi mkononi, akijiuliza ni nani atakayelishika neno lake iwapo hatatoka humo. Habari za wadudu wa kifua wapo wanaozijua kuliko mimi. Mimi nitasimulia mchezo.

Nilikuwa nakohoa tangu Pasaka. Jumatatu, tarehe 13 Juni, nilikaa kwenye benchi la mapokezi ya hospitali ya Mbeya kuanzia saa moja asubuhi hadi saa nane mchana. Benchi lile lilikuwa refu, limesuguliwa na wagonjwa wa miaka mingi hata likang'aa, na kila mmoja alipoitwa sisi wengine tulisogea nafasi moja. Nilipofika mlangoni kwa daktari nilikuwa nimelipasha joto benchi zima. Daktari alinisikiliza mgongo, akatazama picha ya kifua, akamwambia dresa, msaidizi wake, maneno machache, na dresa akanigeukia.

"Mama Atupele, ni kifua kikuu. Utalala hapa."

"Siku ngapi?"

"Usihesabu siku, mama. Hesabu miezi."

"Nina mtoto mdogo nyumbani."

"Ndiyo sababu utalala hapa," alijibu, wala hakusema kwa ukali.

Mtoto mwenyewe ni Atupele, binti yangu wa pekee, wakati ule akiwa na miaka tisa na anasoma darasa la tatu. Baba yake, Mnyakyusa wa Rungwe, alikuwa seremala, na alifariki Jumamosi ya tarehe 9 Agosti 1952 baada ya homa ya siku nane. Alikuwa mtu wa vipimo. Hakukata ubao kabla ya kuupima mara mbili. Lakini juu ya kifo chake hakupima kitu. Hakusema azikwe wapi, wala mtoto alelewe na nani, kwa sababu nyumbani kwetu, kama katika nyumba nyingi, kuyataja mambo hayo ni kujitakia mabaya. Basi kwa siku mbili mwili wake ulilala ndani huku ndugu zake wa Rungwe na majirani wa Ilomba wakibishana apelekwe kwao au azikwe hapa. Mimi nilikuwa nimeketi chini, mgongo ukutani. Hakuna aliyeniuliza.

Na siku ile ile ya kifo, dada yake, Tusekile, ambaye kwangu ni wifi, aliinama mbele yangu, akafungua funguo za nyumba kutoka kiunoni mwangu, akazifunga kwenye pindo la kanga yake. Hakunirudishia mpaka matanga yalipoisha na watu wote wakawa wameondoka. Kwa jambo hilo nilimwekea kinyongo miaka mitatu. Salamu nilimpa, chakula nilimpikia, lakini moyoni nilimwita mnyang'anyi.

Sasa huyo huyo Tusekile ndiye aliyehamia Ilomba siku nilipolazwa, ili mtoto asilale peke yake.

Wodi ya kifua ya wanawake ilikuwa na veranda pana inayotazama mlima wa Loleza, na vitanda vyetu vilitolewa huko mchana kutwa, kwa kuwa hewa ya baridi ilihesabiwa kuwa sehemu ya dawa. Tulijifunika mablanketi mpaka puani. Sindano ya kwanza nilichomwa tarehe 15 Juni, na baada ya hiyo kila asubuhi, kulia leo, kushoto kesho, hata nikawa sina upande wa kukalia. Pamoja nazo tulimeza unga mchungu uliokoroga tumbo. Masikio yalianza kuvuma kama nyuki walio ndani ya mzinga. Nilipoingia nilikuwa na uzito wa ratili mia moja na kumi. Mwishoni mwa Julai nilikuwa na themanini na sita. Pete ya ndoa ilidondoka yenyewe nikinawa, nikaifunga kwa uzi shingoni. Damu ya mwezi ilikatika. Nywele zilibaki kwenye kitana. Nilijitazama mikono, nikaiona ya mama yangu katika mwaka wake wa mwisho.

Ndipo nilipoona kwamba lazima niseme. Nikifa bila kusema, Atupele atavutwa kama ulivyovutwa mwili wa baba yake: hawa huku, wale kule. Wajomba na baba wadogo watagombana, na katikati ya ugomvi huo jambo la kwanza kuachwa litakuwa shule. Mimi niliyeanza kusoma nikiwa na miaka ishirini na tisa nilijua gharama ya kuchelewa. Nia yangu ilikuwa aende Iringa, kwa kaka yangu Leonsi, fundi cherehani wa Mlandege.

Lakini kumwambia nani? Jumapili Tusekile alikuja, akasimama chini ya veranda pale wageni walipotakiwa kusimama.

"Wifi," nilianza, "kama ikitokea nimekufa..."

"Koma!" Aliziba masikio yote mawili kwa viganja. "Koma kabisa! Nimekuletea uji wa ulezi, kunywa. Mambo ya kujitabiria siyataki."

Nilimwandikia kaka barua, kurasa mbili, kwa mwandiko wangu mwenyewe. Alijibu kwa mistari minne: nitapona, nisali, nisiandike tena maneno kama yale, mke wake amelia siku nzima.

Mwezi wa Agosti kitanda cha jirani yangu kilipata mtu mpya. Alikuwa mwanamke mfupi, mzee kidogo kuliko mimi, mwembamba sana, macho yake makubwa na yenye uchokozi. Aliitwa Mama Gama. Alikuwa Mngoni wa Songea, mjane, aliyefika Mbeya kumfuata mwanawe wa pekee, dereva wa lori. Alipumzika kidogo, akakohoa, akafuta mdomo, akanitazama.

"Kwenu wapi?"

"Iringa."

"Iringa ya Wahehe?"

"Mimi Mhehe."

Aliinuka na kukaa kama mtu aliyepewa dawa mpya. "Sista! Sista, njoo! Mbwa wa hospitali amefungwa? Mmemlaza Mhehe hapa, na mbwa anapita pita!"

Nilikuwa sijacheka tangu Pasaka. "Kumbe ni Mngoni," nilisema. "Nilisikia kitu kinakimbia nikadhani ni mvua. Babu zenu walikimbia hivyo hivyo walipowaona babu zetu."

"Walikimbia kwa sababu ya harufu," alijibu, kisha akanisalimu kwa Kihehe. "Kamwene, mateka wangu."

"Kamwene, mateka wangu."

Kwa msomaji wa mbali nieleze kwamba Wahehe na Wangoni ni watani. Babu zetu walipigana vita vikali, na baada ya damu ile wakaachiana haki ya kutukanana bila kukasirika, hata kwa ule uvumi kwamba Wahehe hula mbwa. Zaidi ya hapo, mtani ana kazi msibani. Ndugu wanapolia, mtani hucheka. Huweza kumwigiza marehemu alivyotembea, na huweza kushuka kaburini akalala humo, asitoke mpaka apewe kuku. Neno ambalo likitoka kinywani mwa ndugu huwa ni uchuro, likitoka kwa mtani huwa ni utani tu, na halimpati mtu. Nilikuwa nimemtafuta wa kusema naye kati ya ndugu majuma kadhaa, kumbe niliyemhitaji alikuwa mtani.

Mama Gama ndiye aliyeleta mchezo. Aliokota vijiwe saba kwenye kokoto za njia ya bustani, akachora duara kwa chaki juu ya sakafu ya veranda badala ya kuchimba shimo, akaniita tucheze mdako. Kila msichana aliyekulia nchi hii anaujua. Unarusha kijiwe kimoja juu, na kabla hakijashuka unachota vingine shimoni, kisha unakidaka. Unarusha tena, unavirudisha vyote shimoni, ukijibakizia kimoja.

"Sisi wanawake wazima?" nilimwuliza.

"Mwanamke mzima yuko wapi hapa? Mimi namwona mfuko wa mifupa ya Kihehe."

Sista alitukuta tumechuchumaa, akatugombeza kwa ajili ya vijiwe vichafu. Kesho yake alivichukua bila kusema neno, akavichemsha katika sufuria moja na sindano, akaturudishia vikiwa bado vya moto. Hadi leo nikikumbuka wema wa mahali pale, wa kwanza ni huo.

Siku ya tatu Mama Gama alitoa sheria. "Anayedondosha ataulizwa swali moja la msiba wake mwenyewe. Na ajibu kabla hajaokota kijiwe."

Yeye ndiye aliyedondosha kwanza, nadhani kwa makusudi.

"Msibani kwako," nilimwuliza, "nani asiruhusiwe kuimba?"

"Mwalimu wa kwaya wa kwetu. Huanzia juu mno, wote tunabaki tunapiga kelele. Zamu yako. Haya, umedondosha! Utavishwa nini?"

"Gauni langu la kijani, lenye maua."

"Lile? Si linakupwaya siku hizi?"

"Basi mniwekee na mto ndani."

Wanawake wengine wa veranda walicheka mpaka Sista akaja kutuomba tutunze pumzi. Tangu siku hiyo tulicheza kila baada ya sindano, na tulikuwa tukiingojea sindano kwa sababu ya mchezo. Mama Gama alisema azikwe hapa hapa Mbeya, asipakiwe kwenye lori kwenda Songea, kwa kuwa lori humtia kichefuchefu na haoni sababu ya kutapika baada ya kufa. Alisema kaburini kwake nisisahau kudai kuku wangu, na awe jogoo. Kila jibu lilikuwa mzaha, na kila mzaha ulikuwa na neno la kweli ndani yake ambalo lisingetoka kwa njia nyingine.

Siku moja ya Septemba, upepo wa vumbi ukivuma kutoka bondeni, nilidondosha.

"Mtoto wako aende kwa nani?" aliuliza Mama Gama.

"Kwa kaka yangu Iringa."

"Kaka yako anajua?"

"Hataki kusikia."

"Na wifi yako?"

"Hajui."

Aliacha kucheka. Akakisogeza kijiwe changu kwa kidole mpaka katikati ya duara. "Basi mateka wangu, umejizika pamoja na mtoto wako. Mlete huyo wifi acheze."

Jumapili ya tarehe 2 Oktoba Tusekile alikuja na Atupele. Mtoto hakuruhusiwa kusogea. Alisimama nyuma ya ua wa michongoma, hatua arobaini kutoka kwangu, na mazungumzo yetu yote yalikuwa kelele.

"Mama! Niulize!"

"Sita mara nane!"

"Arobaini na nane! Uliza ngumu!"

"Nani anakupeleka shule?"

"Shangazi! Kila siku! Anakaa chini ya dirisha mpaka kengele!"

Sikulijua hilo. Tusekile, ambaye hasomi hata jina lake, alijifanya anakagua chungu cha uji.

Mama Gama alimtaka achimbe shimo lake ardhini, chini ya veranda, na atumie vijiwe vyake mwenyewe, ili asiguse vyetu. Alipoisikia sheria alirudi nyuma.

"Huo ni uchuro!"

"Wewe Mnyakyusa, keti," alisema Mama Gama. "Uchuro wote wa hapa ni mali yangu. Mimi ni mtani wa huyu, kinywa changu hakimdhuru. Au unaogopa kushindwa na wagonjwa?"

Hilo ndilo lililomkalisha. Tusekile alikuwa bingwa wa mdako wa utoto wake, na alicheza kama mtu anayetwanga. Ilituchukua muda mrefu kabla kijiwe chake hakijamponyoka.

"Siku ya msiba wako," aliuliza Mama Gama, "funguo za nyumba tumpe nani?"

"Mpeni huyu," alisema Tusekile, akanielekezea kidevu.

Nilicheka, na kicheko changu hakikuwa kizuri. "Mimi? Wewe uliyeninyang'anya zangu?"

"Nilikunyang'anya?" Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Wifi, kaka zangu walikuja na mkokoteni. Walikuja wamepanga: zana za marehemu, mbao, kitanda, hata bati la jikoni. Wangekuomba funguo, na ungewapa, ulikuwa huoni mbele kwa machozi. Mimi waliponiomba niliwaambia nimezitumbukiza chooni. Walininunia siku tatu, wakaondoka na mkokoteni mtupu."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza?"

Sikuwa nimemwuliza. Miaka mitatu nilikuwa nimelala kwenye kitanda ambacho mwanamke yule alikiokoa, nikimwita mnyang'anyi. Mama Gama alitutazama mmoja baada ya mwingine, akasema kwamba Mhehe na Mnyakyusa wakiwekwa nyumba moja, maneno hufa kwa njaa.

Nilirusha kijiwe changu nikakiacha kianguke. Hakuna aliyedanganyika.

"Mtoto aende kwa nani?" aliuliza Mama Gama kwa mara ya pili.

"Asiende popote. Abaki Ilomba na shangazi yake, asome mpaka darasa la nane. Asiposwe kabla ya hapo, wala mahari isipokelewe na mtu wa upande wowote."

Tusekile hakuziba masikio. Alifukia shimo lake kwa mguu, polepole, akalisawazisha. "Ndaga," alisema, yaani ahsante kwa Kinyakyusa, akaenda kumfuata mtoto.

Mvua za kwanza zilipofika, mimi nilianza kuongezeka na Mama Gama alianza kupungua. Dawa ile ile, uji ule ule. Sina maelezo, wala sitayatafuta. Alipokuwa hawezi tena kudaka, nilirusha mimi kwa niaba yake, akawa anajibu akiwa amelala, na kila Jumapili Tusekile akimsikia kutoka chini ya veranda. Jibu lake la mwisho lilihusu vijiwe: vibaki kwangu, Mngoni mwingine atakapolazwa vimngoje. Alifariki Alhamisi, tarehe 17 Novemba, saa nne asubuhi, jua likiwa limetoka baada ya mvua, nami nikiwa nimemshika mguu kwa kuwa mkono walikuwa wameushika wengine.

Mwanawe, kijana mwema aliyechanganyikiwa, alikuwa tayari ameomba lori. Alisema mama lazima arudi Songea, vinginevyo ndugu watamlaumu. Ni Tusekile aliyemjibu, akiwa amesimama kwenye matope kwa miguu mitupu.

"Baba, mama yako alisema. Mimi nilikuwepo, na huyu, na wodi nzima. Alisema lori linamtapisha. Alisema hapa hapa."

"Alisema kwa mzaha, mama."

"Alisema mara nne. Mtu hatanii neno moja mara nne."

Kijana aliinama, kisha nikaona mabega yake yanashuka kama ya mtu aliyetuliwa mzigo. Kulikuwa na mtu aliyejua. Hakulazimika kuamua peke yake.

Ijumaa daktari aliniruhusu kutoka kwa muda wa saa mbili, kitambaa mdomoni. Kaburi lilipokuwa tayari nilijua kwamba mimi ndiye Mhehe wa pekee pale. Sikuwa na nguvu ya kushuka na kulala humo, kwa hiyo niliketi ukingoni, nikaning'iniza miguu ndani.

"Hazikwi mtu," nilisema. "Mngoni huyu ana deni langu. Kuku wangu yuko wapi?"

Waombolezaji waligeuka wakanitazama. Kisha bibi mmoja wa Kingoni akapiga kigelegele. "Mtani amefika! Mpeni! Mpeni, la sivyo atatafuta mbwa!" Watu wakacheka, na mtoto wa marehemu akacheka huku machozi yanamtiririka, akamtuma mtu nyumbani. Jogoo aliletwa, mwekundu, akinipiga mabawa. Nilitoa miguu. Wodini hakuruhusiwa kuingia, kwa hiyo Tusekile alimpeleka Ilomba, na Atupele akampa jina la Mngoni.

Tarehe 20 Februari 1956 nilitolewa hospitali ya Mbeya nikiwa na ratili mia moja na moja, nikapewa barua ya kuendelea na dawa Iringa, ambako ningeishi kwa kaka mpaka daktari wa kule aseme siwezi tena kumwambukiza mtoto. Safari ya basi katika tope lile sitaisimulia. Leonsi alinipokea kwa chumba kilichopakwa chokaa, kikombe changu peke yangu, na upendo usioweza kuongea. Kila nilipogusa habari za mtoto aliinuka akaenda kwenye cherehani yake, akakanyaga kwa nguvu mpaka nikanyamaza. Nilitoa vijiwe.

"Mdako?" alisema. "Mimi, mwanaume, nichuchumae kwenye veranda ya Mlandege nicheze mdako? Wateja waseme nini?"

Nilitafakari siku kadhaa. Kisha nikaona lililokuwa mbele ya macho yangu: ubao wake wa bao, ambao aliucheza kila alasiri kazi ikipungua. Nikamwomba anifundishe. Alifurahi, kama afurahivyo mwanaume yeyote anapoombwa kufundisha bao. Nikamweleza sheria ya Mama Gama kama kitu kidogo cha kutia mchezo chumvi: anayeshinda amwulize aliyeshindwa swali moja.

Hapo ndipo nilipopata faida ya kuwa mchezaji mbaya. Katika bao nilishindwa kila mara, na kila niliposhindwa, kaka yangu alilazimika kuuliza. Mwanzoni aliuliza ya upuuzi. Nani apewe kanga zangu? Nani asipewe nyama msibani? Nilimjibu kwamba ni yeye, kwa kuwa humaliza yote. Machi ikapita, na Aprili, masikio yangu yakivuma kidogo kidogo, uzito ukipanda ratili kwa ratili. Maswali yake yalianza kukaribia. Je, nizikwe Iringa? Hapana, Ilomba, kando ya mume wangu. Akachezesha kete.

Jumapili ya tarehe 27 Mei, baada ya misa, alinila kete zote za mbele. Alibaki na mkono ndani ya shimo la bao, bila kuzihesabu wala kuzitoa.

"Na Atupele?" aliuliza.

Nikamwambia yote, kama nilivyoyasema veranda ya Mbeya. Alisikiliza akitazama ubao.

"Kwa hiyo mimi sifai," alisema mwishowe. "Mjomba mzima. Umempa Mnyakyusa asiyejua kusoma."

"Kaka, nilikuwa nimekupa wewe. Nilikuandikia barua."

"Barua ile sikuimaliza." Alisema kwa sauti ndogo. "Nilisoma juu, nikamwambia mama watoto, akalia, nikaikunja."

"Yule asiyejua kusoma alikaa chini ya dirisha la darasa kila asubuhi tangu nilipolazwa. Kwako namwombea likizo zote kubwa. Umfundishe kushona, na umfundishe bao, asishindwe kama mimi."

Alitoa mkono shimoni, ukiwa na kete. Tulipanga upya. Mchezo uliofuata alishindwa, yeye ambaye sikuwahi kumshinda na sijamshinda tena. Nikamwuliza azikwe wapi.

"Kando ya mama," alijibu. "Na nguo nishonewe na fundi mwingine. Mimi nitakuwa sina nafasi."

Nilirudi Ilomba mwezi wa Agosti. Nilimkuta Atupele amerefuka hata sare imepanda juu ya magoti, na jogoo Mngoni ameitawala mitaa miwili. Niliendelea na vidonge hadi mwaka uliofuata. Tarehe 11 Machi 1957 daktari aliandika kwamba makohozi ni safi mara tatu mfululizo. Nilikuwa na ratili mia moja na ishirini. Pete ilirudi kidoleni, ikabana.

"Sasa umepona," alisema Tusekile. "Ya kwenda kuandikisha wosia kwa hakimu wa baraza tuyaache. Ya nini tena?"

"Nitakufa siku nyingine, wifi."

"Siku nyingine ipi?"

"Hiyo ndiyo sababu."

Aliguna, akaenda kufua kanga yake ya kuvaa barazani.

Leonsi alikuja kwa basi. Alhamisi, tarehe 16 Mei 1957, wakati mahindi ya Ilomba yalipokuwa yanavunwa, tuliketi watu watatu mbele ya hakimu wa baraza, na kaka mmoja wa marehemu mume wangu alikuwa ametoka Rungwe kuwa shahidi wa upande wao, kwa kuwa Tusekile alimwendea mwenyewe akarudi naye. Atupele hakuwapo. Alikuwa darasani, mahali ambapo karatasi ile ilitaka awe.

Karani alichovya kalamu. Miaka yake yote alikuwa ameandika mashauri ya aina hii watu wakiwa wametoka makaburini, na hakuinua uso.

"Jina la marehemu?"

Tulitazamana. Tusekile ndiye aliyejibu. "Marehemu ndiye huyu, mwenye viatu vipya."

Karani aliinua kichwa. Hakimu alijaribu kukunja uso, akashindwa. Kaka yangu alicheka mpaka akafuta macho, na yule shemeji wa Rungwe, aliyekuja amenuna, akacheka kumshinda. Kisha kazi ilifanyika kwa utaratibu. Maneno yangu yalisomwa: mtoto abaki na shangazi yake, nyumba ya Ilomba iwe makao yao, asome hadi darasa la nane, likizo kubwa aende Mlandege, na mahari isipokelewe kabla hajamaliza darasa hilo. Kila mmoja aliulizwa kama ana pingamizi. Hakuna aliyekuwa nalo.

Tusekile alitia dole gumba. Karani alinisogezea kile kidau cha wino wa dole, bila kufikiri. Nilikirudisha, nikaomba kalamu. Niliandika jina langu lote, herufi kwa herufi, na chini yake, kwa kuwa karani alikuwa ameisahau, nikaandika tarehe.

16 Mei 1957.